Mzigo wa Mwenzio ni Kanda la Usufi

Adhana ya Alfajiri inapopaa kutoka misikiti ya Chamazi, wanawake wengi huwa wameshaamka. Tumchukue, kwa mfano, mama mmoja mwenye kazi ya dukani Kariakoo. Akishasali ataandaa chai, atawaamsha watoto, kisha atapanda daladala hadi Mbagala Rangi Tatu na kuunganisha gari la mjini kwa Barabara ya Kilwa. Amesimama garini, ameshika bomba, na mikono yake haina kazi. Kichwa chake kinayo. Gesi iliyobaki itafika Ijumaa? Umeme wa Luku umebaki kiasi gani? Mtoto wa pili anahitaji daftari, wa tatu amefikia tarehe ya kliniki, ustadhi hajapewa ada ya madrasa, na mama mkwe anakuja Jumamosi naye hali chakula chenye chumvi nyingi. Nyumba nzima anayo kichwani, na abiria aliye ubavuni pake haoni kitu.

Ndugu msomaji, huo ndio mzigo tunaotaka kuuzungumzia leo: mzigo wa fikra. Kazi za mikono huonekana, kwa kuwa sakafu iliyofagiwa na nguo zilizofuliwa hujieleza zenyewe. Kazi ya kukumbuka, kukadiria na kufuatilia huonekana siku moja tu, siku iliposahauliwa. Gesi ikikatika maharage hayajaiva, swali huwa tayari: "Kwani hukujua kwamba inaisha?" Anayeuliza hakukusudia ubaya. Lakini swali lake lina ushahidi ndani yake, kwamba katika nyumba hiyo kujua ni kazi ya mtu mmoja.

Mwaka 2019 mtafiti wa elimujamii Allison Daminger, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, alichapisha utafiti uliotokana na mahojiano na wanandoa wa nyumba 35. Aliigawa kazi hii katika hatua nne: kuliona hitaji kabla halijafika, kutafuta njia za kulitimiza, kuamua, na kufuatilia hadi litimie. Aligundua kuwa katika kuamua, mume na mke hushirikiana zaidi. Katika kuliona hitaji mapema na kulifuatilia, mzigo mkubwa uliwaangukia wanawake. Chamazi si Marekani, lakini ni nani kati yetu asiyeitambua sura hiyo? Baba hushirikishwa kuchagua shule. Mama hubaki na sare, ada, vikao vya wazazi na kikohozi cha usiku.

Nazo kazi za mikono hazijapungua. Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilieleza mwaka 2018 kuwa wanawake hufanya asilimia 76.2 ya saa zote za kazi za matunzo zisizo na malipo duniani: wastani wa saa 4 na dakika 25 kwa siku, ilhali wanaume hufanya saa 1 na dakika 23. Mwanamke anayetoka kwenda kazini huanza zamu ya pili anaporudi, na zamu ya kichwani haikusimama hata alipokuwa njiani.

Hapa kwetu, Mahakama ya Rufani iliwahi kulisemea jambo linalokaribiana na hili. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Jaji Mkuu Francis Nyalali alikifafanua kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 na kueleza kuwa kazi za nyumbani za mke au mume nazo ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakuambulia mgawo katika shauri lile, lakini msingi uliowekwa umebaki. La kusikitisha ni kwamba hesabu hiyo hufanywa baada ya talaka. Kwa nini isifanywe ndoa ikiwa hai?

Dini yetu haikungoja mahakama. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, yenye wafuasi wengi katika mwambao wetu, wameeleza kuwa kazi za nyumbani si wajibu wa kisheria wa mke. Azifanyapo ni ihsani, na ihsani hustahiki shukrani. Bi Aisha (RA) alipoulizwa Mtume (SAW) alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kuwa alikuwa katika kuwahudumia ahali zake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kusali. Tuitazame pia Suratul Baqara, aya ya 233. Hata kumwachisha mtoto ziwa, jambo ambalo wengi tungelihesabu kuwa la mama peke yake, Qur'an imelifungamanisha na kuridhiana na kushauriana wazazi wote wawili. Kumbe kumfikiria mtoto ni kazi ya wote wawili.

Hatusemi kwamba akina baba hawana mizigo. Kodi ya nyumba, madeni na kazi isiyo na uhakika huwanyima wengi usingizi. Wapo pia wenye nia njema wanaosema, "Niambie tu, nitafanya." Lakini anayesubiri kuambiwa amempunguzia mwenzake hatua za miguu, hajampunguzia fikra. Aliyeona mkate umekwisha, akakumbuka kuagiza na kuhakiki kwamba umeletwa, bado ni yuleyule.

Tiba yake, basi, ni kukabidhiana jambo zima. Usiku mmoja baada ya Isha, mume na mke wakae na karatasi, waandike yote yanayokumbukwa na kila mmoja ili nyumba iende, pamoja na yale ya baba yasiyojulikana na mama. Kisha wagawane. Baba akichukua madrasa, aichukue yote: ada, juzuu, kanzu iliyofupika, na mazungumzo na ustadhi. Akichukua gesi, yeye ndiye aujue uzito wa mtungi. Naye mama akishakabidhi, asimame pembeni hata kama jambo halifanywi kwa namna yake. Watoto wakubwa, wa kiume kwa wa kike, nao wapewe lao. Wala tusiusukume mzigo wote kwa dada wa kazi, ambaye naye ni binti wa watu.

Wahenga walinena kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hatuujui uzito wake mpaka tuutwike. Jioni ya leo, kabla hujauliza chakula kiko wapi, muulize mwenzako ni mambo mangapi ameyakumbuka tangu Alfajiri. Kisha ulichukue moja, liwe lako mpaka mwisho.