Baridi ya Julai Karatu na Ngorongoro

Kuanzia Sabasaba hadi Nanenane, magari yanayopanda ukuta wa Bonde la Ufa kutoka Mto wa Mbu hubeba vikundi vya marafiki wa Dar es Salaam, Tanga na hata Mombasa, waliochanga fedha miezi kadhaa ili wakaonje baridi. Wamechagua vizuri. Kwa mtu wa pwani anayetaka majira ya baridi ya kweli bila kuvuka bahari, Karatu ndio mji wenyewe: una nyumba za wageni za kila bei, soko kubwa na hospitali, na mwendo wa nusu saa hivi kwa gari kutoka hapo lipo lango la Lodoare, mlango wa Hifadhi ya Ngorongoro.

Kinachonisumbua ni kwamba wengi hupanda wakiwa wamejiandaa kwa ajili ya wanyama tu. Kamera ipo, darubini ipo, baridi inasubiri kuonekana hukohuko. Ilhali baridi ndiyo itakayoamua mlale wapi, mshuke kreta ya Ngorongoro saa ngapi na, usiku mwingine, kama wote mtaamka salama.

Wengi husema Ngorongoro kuna baridi kwa sababu ya msitu. Msitu una sehemu yake, nitaufikia, lakini sababu ya kwanza ni mwinuko. Hewa inapopanda mlima hukutana na mkandamizo mdogo zaidi, hutanuka, na katika kutanuka hupoteza joto. Kwa wastani, kila mita 1,000 unazopanda zinakupunguzia nyuzijoto 6.5 hivi. Mji wa Karatu uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa kreta uko karibu mita 2,300. Sasa piga hesabu. Alfajiri ya Julai, Dar es Salaam huwa na nyuzi 19 hivi. Ondoa 10 za Karatu, zinabaki 9. Ondoa 15 za ukingoni, zinabaki 4. Hayo ni makadirio, maana mawingu na upepo hupandisha au kushusha, lakini yanatosha kukuonyesha kwamba kijisweta chepesi cha kuvaa ndani ya basi hakitakufaa ukingoni.

Mwinuko lakini haubadiliki Januari wala Julai. Kwa nini basi baridi ikaze katikati ya mwaka? Mwezi Juni jua la utosini linakuwa limehamia mbali, Tropiki ya Kansa, na nusu ya kusini ya dunia iko katika majira yake ya baridi. Kusini mwa Bahari ya Hindi, upande wa visiwa vya Mascarene, mkandamizo wa hewa huongezeka na kuisukuma hewa ya ubaridi kuja kwetu. Upepo huo ndio kusi, uleule uliokuwa ukiyarudisha majahazi Uarabuni na Bara Hindi. Pwani tunaupokea kama nafuu ya joto. Nyanda za Juu Kusini, hasa Njombe na Makete, unaleta usiku wa sakitu kwenye viazi na mahindi. Msimu huo wa Juni hadi Agosti ndio kipupwe, na Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa mwelekeo wake kabla haujaanza. Usomeni kabla ya kupanga tarehe.

Ukifika Ngorongoro, upepo huo unakutana na kizuizi kikubwa. Milima ya volkano imesimama bega kwa bega: Oldeani na Lemagrut, kila mmoja ukipita mita 3,000, kisha ukingo wa kreta yenyewe. Hewa yenye unyevu wa bahari haina njia ila kupanda. Ikipanda inapoa, ikipoa unyevu wake unageuka matone madogo mno yanayoelea, na hapo ndipo ukungu unapozaliwa. Mkipita lango la Lodoare asubuhi ya Julai mnaweza msione mti ulio hatua chache mbele ya gari. Dereva anawasha taa na kukanyaga mafuta kidogo kidogo. Acheni kumharakisha, kwa sababu barabara ina kona kali na nyati huivuka bila taarifa.

Mkipata mahali panaporuhusiwa kusimama, tazameni miti iliyo kando ya barabara. Matawi yake yamening'iniza ndevu za kuvu-mwani zenye rangi ya kijivu na kijani, na kila uzi wa ndevu hizo una tone la maji kwenye ncha. Chini ya mti ardhi imelowa na matone yanadondoka kama mvua. Hatua mbili nje ya kivuli cha mti, vumbi ni kavu. Hakuna mvua iliyonyesha. Mti umeuchuja ukungu kwa majani na ndevu zake, ukakusanya matone na kuyashusha ardhini. Msitu huo wa ukingoni ndio unaolisha chemchemi za wilaya ya Karatu na mashamba ya kahawa yaliyo chini ya Oldeani, na maji yake hupita chini kwa chini hadi msitu wa Ziwa Manyara. Kahawa unayokunywa mjini asubuhi imetokana na ukungu huu kwa njia mbili: umeinywesha, na ubaridi wake umeyafanya matunda yaive polepole. Mtu akikata msitu ule kwa kuni au mkaa, atakayekosa maji yuko mabondeni, mbali kabisa na shoka.

Kosa ninaloliona mara kwa mara ni kundi kufika ukingoni, kukuta ukungu mzito na kuamua kurudi Karatu likidhani kreta nzima imefunikwa. Ukungu hukaa juu. Hewa ikishavuka ukingo na kuanza kushuka ndani, hukandamizwa, hupata joto na matone yake hukauka. Sakafu ya kreta iko karibu mita 600 chini ya ukingo, kwa hiyo mara nyingi mkiteremka barabara ya Seneto mnatoka kwenye ukungu katikati ya mteremko, na chini mnakuta jua, nyasi fupi za rangi ya dhahabu, na Ziwa Magadi likiwa limepungua na kuacha ukingo mweupe wa magadi. Endeleeni magharibi kuelekea Olduvai mtaona hadithi hiyo hiyo kwa ukubwa zaidi: hewa imeshamwaga maji yake upande wa mashariki, na tambarare zile zimebaki kwenye kivuli cha mvua, vumbi tupu.

Sakafu ile ina kilomita za mraba zipatazo 260, na kiangazi ndiyo nafasi nzuri ya kuizunguka kwa sababu nyasi hazifichi kitu. Saa 12 asubuhi barabara za kushukia hufunguliwa. Mimi husema shukeni mapema licha ya baridi. Hewa nzito ya usiku imeteremka kutoka kuta za kreta na kutuama chini, simba bado wanatembea, na upepo wa vumbi wa mchana haujaamka. Ila vaeni. Paa la gari likifunguliwa, mwendo wa gari nao ni upepo, na upepo huondoa ile tabaka nyembamba ya joto inayouzunguka mwili. Anayesimama juu akipiga picha avae koti lisilopitisha upepo, mzula wa kufunika masikio na glovu. Noah mliyokuja nayo kutoka Arusha iacheni Karatu. Kreta inataka gari linalovuta magurudumu yote manne, na marafiki sita wakichangia kukodi Land Cruiser moja gharama inabebeka.

Kuhusu kulala, ushauri wangu ni mmoja: laleni Karatu mjini. Kambi ya Simba ukingoni ina mandhari isiyo na mfano, lakini kwa mtu aliyezoea kulala na feni usiku wa kwanza pale ni mateso, hasa anga likiwa wazi. Wingu ni blanketi la ardhi. Likiondoka, joto lote la mchana linapotelea angani na alfajiri hema linalowa umande ndani na nje. Wairaqw, wenyeji wa Karatu na Mbulu, walilijua jambo hili kwa vitendo. Tembe zao za zamani zilichimbwa ubavuni mwa mlima, zikafunikwa kwa udongo, na mifugo ikalala ndani pamoja na watu. Udongo hubadilika joto polepole kuliko hewa, na pumzi ya ng'ombe ikaongeza lililobaki. Wanahistoria husema nyumba hizo zilijengwa pia kwa kujificha na wavamizi, lakini anayekaa kwenye miinuko ile Julai haoni ugumu wa kuelewa faida yake ya pili.

Jioni ya marafiki haikosi chupa, na hapo pana imani moja ya hatari: kwamba pombe kali hupasha mwili. Pombe hutanua mishipa ya damu iliyo chini ya ngozi. Damu ya moto inakuja juu, unahisi uvuguvugu, na wakati huohuo joto la ndani linakimbia nje. Anayekunywa na kukaa kibarazani akitazama nyota anapoa kwa kasi kuliko mwenzake mwenye kikombe cha chai ya tangawizi. Kuleni kwanza, kuleni cha moto. Wapishi wenu wajue kwamba ukingoni maji huchemka kwenye nyuzi 92 hivi badala ya 100, kwa hiyo maharage yatachelewa kuiva hata moto uwe mkali namna gani.

Nimeliweka mwisho jambo ninalotamani kila kundi lilisome kwa sauti kabla ya kuondoka: jiko la mkaa halilali ndani. Si chumbani, si ndani ya hema, hata kwa dakika chache za kupasha hewa. Mkaa unaoungua bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Hushikamana na himoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi, na damu ikaacha kubeba oksijeni. Aliyelala haamki kukohoa, kwa sababu hakuna moshi. Usingizi unazidi tu kuwa mzito. Mkaa uliofifia na kufunikwa majivu unaendelea kuitoa. Mtu akiamka na kichwa kinachogonga, kichefuchefu na miguu isiyo na nguvu, mtoeni nje mara moja, wazi kabisa, kisha apelekwe hospitali hata akisema amepata nafuu. Mkiwa Karatu mjini hospitali iko karibu. Mkiwa ukingoni saa 8 usiku, kati yenu na hospitali kuna ukungu, kona na nyati. Chukueni blanketi la ziada, begi zito la kulalia, soksi mbili za sufu na chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri ya kuweka miguuni. Jiko liacheni nje, mbali na mlango.