Gor Mahia na Wachezaji Wanaohama

Mwaka 1987 Gor Mahia ilitwaa Kombe la Washindi la Afrika. Huko Tunis ilitoka sare na Espérance 2-2. Nairobi, Peter Dawo akafunga katika sare ya 1-1, na mabao ya ugenini yakaamua. Sisi mashabiki tungali tukingojea siku nyingine kama ile.

Mimi sioni upungufu wa vipaji. Mwaka 2015 timu ilipata ubingwa wa ligi bila kushindwa hata mara moja, na Michael Olunga alifunga mabao 19. Kisha akaenda Sweden. Hatumlaumu, kwani kijana hufuata riziki. Lakini mrithi wake alikuwa nani? Mwaka 2016 tukatolewa mapema barani na CNaPS Sport ya Madagaska.