Kazi Pekee Isiyoulizwa Cheti

Ratiba za safari hizi hufanana kiasi kwamba ukisoma moja umesoma nyingi. Kundi la watu kumi na wawili hivi, wengi wao kutoka Marekani na Ulaya Magharibi, linatua Nairobi. Alfajiri wanatandika mikeka na kufanya yoga. Baada ya chai wanapanda basi dogo hadi Kibera, Mathare au mtaa mwingine wa mabanda, ambako wanapaka rangi darasa, wanainua ukuta au wanashinda na watoto wa kituo cha yatima. Jioni wanakaa duara na kuelezana yaliyowagusa. Siku hizo zikiisha wanateremka Bonde la Ufa kuelekea Narok, na safari inamalizikia Maasai Mara kwa simba, tembo na, ikiwa ni Agosti, nyumbu wakivuka mto.

Si haki kuwabeza watu hawa. Wengi wao wametumia likizo yao ya mwaka mzima na kuchangisha fedha kwa majirani, ofisini na kanisani ili waje. Mtu anayefanya hivyo ana moyo, na moyo huo ni mali. Swali ninalotaka kulifuata hapa ni la kikazi: katika mambo haya matatu yaliyofungwa ndani ya tiketi moja, yaani yoga, huduma kwa jamii na mbuga, nani anaruhusiwa kufanya nini, na anaulizwa ujuzi gani kabla ya kuruhusiwa?

Mbugani jibu liko wazi. Chama cha waongoza watalii cha Kenya, kinachojulikana kwa herufi KPSGA, kimekuwa kikitahini waongozaji tangu 1996 katika ngazi tatu: shaba, fedha na dhahabu. Mtihani unagusa ndege, mimea, nyayo, historia, huduma ya kwanza na namna ya kukaa na mgeni. Wanaofika dhahabu ni wachache, na hufika baada ya miaka mingi ya kazi. Hifadhi nayo ina bei zake na saa zake. Tangu 2024, Kaunti ya Narok humtoza mgeni asiye mkazi dola 100 kwa siku kuanzia Januari hadi Juni, na dola 200 kuanzia Julai hadi Desemba. Hakuna mgeni atakayekubali kupelekwa karibu na simba na kijana aliyefika jana, hata kijana huyo awe anawapenda wanyama namna gani.

Kwenye mkeka wa yoga hali ni hiyo hiyo. Kiwango kinachotambulika zaidi duniani, kile cha shirika la Marekani la Yoga Alliance lililoanza 1999, kinamtaka mwalimu awe amepita mafunzo ya angalau saa 200. Anayeandaa safari huitaja sifa hiyo mapema, kwa kuwa mteja anataka kujua ni nani atakayemwelekeza jinsi ya kuukunja mgongo wake.

Inabaki huduma kwa jamii, na hapa hakuna anayeulizwa kitu. Mhasibu wa Chicago anakabidhiwa mwiko na kuonyeshwa tofali. Mwanafunzi wa chuo ambaye hajawahi kufundisha anasimamishwa mbele ya darasa la tatu. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya 2011 inamtaka mgeni awe na kibali kabla ya kufanya kazi, hata isiyo na malipo, lakini kazi hizi za siku nne tano hupita kama sehemu ya matembezi. Pahali ambapo kosa linaweza kumuumiza mgeni, cheti kinatakiwa. Pahali ambapo kosa litamuumiza mwenyeji, nia njema imetosha. Kwangu hapo ndipo penye kasoro ya safari nzima, na mengine mengi yanatokana nayo.

Chukua ukuta. Mwaka 2014 Mmarekani Pippa Biddle aliandika kuhusu safari aliyoifanya Tanzania akiwa msichana wa shule, yeye na wenzake, kwenda kujenga maktaba kwenye kituo cha yatima. Walipanga matofali vibaya sana. Kila usiku mafundi wa pale walikuwa wakibomoa kazi ya mchana na kuijenga upya, wanafunzi wasijue. Alichojifunza ni kwamba yeye hakuwa mtu wa kufaa kwa kazi ile, ingawa aliipenda. Anayefahamu kazi ya mjengo hatashangaa. Kusimamisha mawe ya Ndarugo yaliyonyooka, kusoma timazi, kukisia mchanga na saruji bila mizani, huo ni ufundi wa miaka. Na Nairobi ni jiji ambalo kila alfajiri vijana hukusanyika kwenye maeneo ya ujenzi wakitumaini kuitwa kwa kibarua cha siku. Ukuta unaojengwa bure na mgeni ni siku za kibarua ambazo kijana wa mtaa huo huo amezikosa.

Ukuta hata hivyo unaweza kubomolewa ukajengwa tena. Mtoto hawezi.

Tangu ripoti ya daktari John Bowlby kwa Shirika la Afya Duniani mwaka 1951, wataalamu wa malezi wamekuwa wakionyesha kuwa mtoto mdogo anahitaji mlezi yule yule, siku baada ya siku. Mtoto anayelelewa na mkono unaobadilika kila mara hujifunza kumkimbilia yeyote na kutomtegemea yeyote. Mgeni anayeingia kituoni na kurukiwa shingoni na watoto watano asiowajua huona upendo. Mtaalamu wa malezi huona dalili. Kila kundi linapoondoka Jumamosi, mtoto ameachwa tena, na kundi lijalo litampata akiwa tayari kumrukia mwingine.

Kuna jambo zito zaidi. Wengi wa watoto walio katika vituo hivi wana mzazi mmoja aliye hai, au wote wawili, au bibi na shangazi. Wamefikishwa pale na umaskini: ada, chakula, ugonjwa wa mama. Sasa kituo kinachoishi kwa michango ya wageni kina sababu ya kutaka watoto wabaki, hata pale ambapo gharama ndogo zaidi ingemrudisha mtoto kwao. Serikali ya Kenya ilisimamisha usajili wa vituo vipya Novemba 2017. Sheria ya Watoto ya 2022 na mkakati wa kitaifa wa 2022 hadi 2032 vinaelekeza watoto watoke kwenye taasisi na kurudi katika malezi ya familia na jamii. Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, katika azimio lake la haki za mtoto, lilitaja kwa uwazi madhara yanayoletwa na programu za kujitolea kwenye vituo vya yatima, zikiwemo zile za kitalii. Kwa hiyo mwandaaji ambaye leo bado anaweka ziara ya kituo katika ratiba yake anakwenda kinyume na sera ya nchi anayosema anaisaidia. Hapa sioni nafasi ya kupatana nusu kwa nusu. Sehemu hiyo iondolewe.

Tuje kwenye fedha, maana hapo mambo hayako kama yanavyodhaniwa. Mgeni huamini kwamba mchango wake mkubwa ni zile siku za mtaani, na Mara ni zawadi anayojipa mwishoni. Hebu tupige hesabu. Watu 12 wakiingia Mara siku mbili za Agosti, kila mmoja kwa dola 200, viingilio pekee vinafika dola 4,800, karibu shilingi 624,000 kwa kiwango cha shilingi 130 kwa dola. Bado hujahesabu dereva, mpishi, wanaotandika vitanda, mboga na maziwa. Wakilala katika hifadhi za jamii zinazopakana na Mara, kama Olare Orok iliyoanzishwa 2006, ambayo sasa huitwa Olare Motorogi, au Naboisho ya 2010, sehemu ya malipo yao inakwenda kwenye kodi ya ardhi wanayolipwa wenye viwanja, familia za Kimaasai zilizokubali kuunganisha mashamba yao ili wanyama wapite. Fedha hizo zina mkataba, na mwenye kiwanja anajua anadai nini.

Simaanishi kwamba utalii wa mbuga hauna lawama. Utegemezi wake ulionekana 2020, ndege ziliposimama na kodi hizo zikapunguzwa, na namna Narok inavyogawa mapato ya hifadhi ni mjadala wa siku nyingi. Ninachosema ni kwamba mgeni yule yule, akiwa mteja wa kawaida anayelipa bei halali kwa kazi ya mtu mwenye ujuzi, mara nyingi ameacha faida inayohesabika zaidi kuliko alipokuwa na brashi ya rangi mkononi.

Upande wa yoga nao una funzo. Paige Elenson, mwalimu wa yoga kutoka Marekani, alikuja Kenya kutalii na familia yake akakutana na vijana wa sarakasi. Kutokana na urafiki huo lilizaliwa shirika la Africa Yoga Project, lililoanza Nairobi mwaka 2007. Lilichofanya ni kuwafundisha vijana wa mitaa kama Kibera na Mathare hadi wakawa walimu waliohitimu, wakafundisha bure mashuleni na mitaani kwao, na wengine wakafundisha kwa malipo kwenye nyumba na vituo vya wenye uwezo. Shirika hilo pia limewahi kuandaa safari za wageni zenye yoga, huduma na mbuga. Kinachonivutia ni yule anayesimama mbele ya chumba. Mgeni amelala juu ya mkeka, na kijana wa Nairobi ndiye anayemwambia avute pumzi, anyooshe goti, atulie. Mgeni amekuja akiwa mwanafunzi na analipa ada ya mwanafunzi. Uhusiano huo una heshima pande zote mbili, na unabaki baada ya ndege kuondoka, kwa kuwa ajira ya kijana haitegemei kundi moja.

Na huduma yenyewe? Sidhani ifutwe. Ila waandaaji wengi huzungumza kana kwamba kujitolea kuliletwa na wageni, ilhali wanakanyaga udongo uliokwisha kuizoea desturi hiyo. Mzee Kenyatta aliifanya harambee kuwa wito wa taifa 1963, na shule nyingi za sekondari za miaka iliyofuata zilijengwa na wazazi kwa michango na mikono yao. Upareni, nchini Tanzania, watu walikuwa na msaragambo, kazi ya pamoja ya mfereji au barabara. Katika desturi hizo jamii ndiyo huamua kwanza kinachohitajika, kisha ndipo anatafutwa wa kuchangia. Ratiba za wageni hugeuza mpangilio huo: tarehe zimepangwa, watu wamelipa, halafu inatafutwa kazi itakayowatosha kwa siku nne.

Wapo pia wanaojitolea mwaka mzima bila kupigwa picha. Kwa muda mrefu wahudumu wa afya ya jamii wa Kenya, wengi wao wanawake, walizunguka nyumba hadi nyumba bila mshahara. Septemba 2023 serikali iliwatambua rasmi wahudumu zaidi ya 100,000, ikawapa vifaa vya kupimia shinikizo la damu na sukari, na kupanga posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ikitoka serikali kuu na nusu kaunti. Mhudumu wa namna hiyo anajua ni nyumba ipi ina mjamzito, nani ameacha dawa za kifua kikuu, mtoto yupi amepitwa na chanjo. Rudi sasa kwenye hesabu ya Mara: viingilio vya siku mbili vya kundi moja vinazidi posho ya mwaka mzima ya wahudumu kumi. Hesabu hiyo imenikaa kichwani, kwa kuwa inaonyesha jinsi fedha ambazo tayari zipo mikononi mwa wasafiri zingeweza kwenda mbali kama zingemfuata mtu anayeijua kazi.

Tusisahau simu. Picha ya mtoto wa Mathare akiwa mapajani mwa mgeni husambaa duniani kabla ya chakula cha jioni. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, taarifa za mtoto, ikiwemo sura yake, hazishughulikiwi bila idhini ya mzazi au mlezi. Mwaka 2023 kamishna wa data aliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Mgeni ambaye nchini kwake hathubutu kupiga picha darasa la mtoto wa jirani anapaswa kujua kwamba mtoto huyu naye ana mzazi na ana sheria.

Anayeandaa safari kama hizi anaweza kuibadilisha yake kuanzia msimu ujao. Aandike kwa bodi ya shule au kamati ya mtaa miezi kadhaa kabla ya kupokea malipo ya mtu wa kwanza, aulize wanachohitaji, na akubali jibu likiwa ni fedha tu. Paa likitakiwa, wageni wachangie mabati na ujira wa fundi wa mtaa huo, kisha waje kulitazama kama wageni waalikwa, wale chakula walichopikiwa na wazazi, wasikilize. Mwenye taaluma ya kweli, muuguzi, fundi umeme, mhasibu hata, apangiwe kufanya kazi na mwenzake wa Kenya, kwa kibali, kwa muda unaotosha, na mwenzake ndiye aseme kama msaada huo unahitajika. Asubuhi za yoga zifundishwe na walimu wa Nairobi kwa malipo yale yale ambayo angelipwa mwalimu aliyeletwa na ndege. Na kwenye bei anayoitangaza, aoneshe mstari kwa mstari ni shilingi ngapi zinabaki Kibera, ngapi Narok, na ngapi ofisini kwake.