Fahamu: Ankara za eTIMS zinavyotumwa na kupokewa

Tangu Januari 1, 2024, mfanyabiashara nchini Kenya haruhusiwi kukata gharama kwenye hesabu za kodi ya mapato bila ankara ya eTIMS, yaani mfumo wa ankara za kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato Kenya (KRA), isipokuwa gharama chache zilizosamehewa. Ndiyo maana kampuni nyingi zimeunganisha programu zao za uhasibu moja kwa moja na mfumo huo.

Njia za kuunganisha ni mbili: OSCU na VSCU. OSCU huhitaji intaneti muda wote. VSCU humfaa anayetoa ankara nyingi kwa mkupuo au ambaye mtandao wake hukatika.

Kazi kubwa imo kwenye kuoanisha taarifa za programu ya uhasibu na za eTIMS. Kila bidhaa hupewa herufi ya kodi: B ni kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 16, A ni bidhaa iliyosamehewa kodi hiyo. Ukikosea herufi hiyo mara moja kwenye orodha ya bidhaa, kila ankara yenye bidhaa hiyo itabeba kosa lilelile.

Upande wa kupokea hupuuzwa mno, nami naona ni hatari. Mnunuzi aliyesajiliwa kwa VAT ahakikishe PIN yake (namba ya mlipakodi), yenye jumla ya herufi na tarakimu 11, imeandikwa sawasawa. Isipokuwepo kwenye ankara, kudai VAT aliyolipa kutamwia vigumu. Kagua ankara kabla hujalipa.