Kelele Huzidishwa Pamoja na Mapigo

Baadhi ya studio za sauti huwa na osileta kuu moja inayotoa masafa ya megahezi 10, mapigo milioni 10 kwa sekunde. Lakini sauti ya CD hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, na kigeuzi chake mara nyingi huendeshwa kwa mapigo yaliyo mara 512 ya hayo: megahezi 22.5792. Namba hii yenye mkia hupatikanaje kutoka 10?

Hesabu haina baki. Gawanya milioni 10 kwa 3,125, upate mapigo 3,200. Yazidishe kwa 7,056. Saketi ya kuzidisha huitwa kitanzi cha kufunga fezi, na Mfaransa Henri de Bellescize aliieleza mwaka 1932. Ndani yake kuna osileta ya pili ambayo kasi yake hubadilishwa kwa volteji. Mapigo yake hugawanywa kwa 7,056, hulinganishwa na yale 3,200, na tofauti hugeuzwa volteji ya kuirekebisha. Ndivyo mpiga chapuo anavyomtegea sikio mpiga msondo: akiwahi hupunguza, akichelewa hukaza.

Ugumu umo kwenye kelele. Hakuna osileta inayopiga sawasawa kabisa. Kila pigo huwahi au huchelewa kidogo mno, na huko ndiko kelele ya fezi. Kila masafa yanapozidishwa mara mbili, kelele ya fezi hupanda desibeli 6. Kelele ya osileta kuu yenyewe si tishio, kwa kuwa iligawanywa kwanza. Kinadharia huongezeka desibeli 7 tu. Kinachoumiza ni kelele ya kilinganishi. Hiyo huzaliwa baada ya kugawanya, kisha hubebwa na kuzidisha kote kwa 7,056: desibeli 77! Wanaonunua osileta kuu ya bei kubwa na kusahau kitanzi wanapoteza fedha zao hapa.

Dawa ninayoiamini ni kitanzi cha polepole, kinachoitikia mayumbo ya hezi chache tu. Mayumbo ya taratibu hufuata osileta kuu. Ya haraka hubaki ya osileta ya pili. Basi hiyo ya pili nayo iwe ya fuwele ya kwatzi, tulivu kwa asili yake, na umeme wake uchujwe vizuri, maana kelele ya volteji hugeuka kelele ya fezi.

Ila fuwele husogezwa kidogo sana kutoka masafa yake. Kwa sauti ya kilohezi 48, inayotaka megahezi 24.576, hesabu ni nyepesi, 3,200 mara 7,680, lakini lazima iwekwe fuwele nyingine.