Studio inaweza kuuza 'picha ya zamani' bila lenzi ya zamani

SIMU za mkononi zimewapokonya wenye studio za Geita, Kahama na Shinyanga picha nyingi za kila siku. Zimebaki pasipoti, harusi na ile picha kubwa ya kutundika sebuleni. Hii ya mwisho ndiyo yenye faida, hasa ikifanana na zile za enzi za Capital Art Studio, iliyofunguliwa Zanzibar mwaka 1930.

Unaweza kununua lenzi yenyewe. Helios 44 ya Kisovieti, milimita 58, bado inapatikana kwa mtumba. Lakini inahitaji adapta, huizungushi ila kwa mkono, na pengine ukungu umeshaota ndani ya vioo. Mtaji unalala hapo. Programu ni nafuu zaidi: Photoshop hulipiwa ada, GIMP ni ya bure.

Kwanza ijue kasoro unayoiuza. Lenzi za kale zilikuwa na utando hafifu wa kuzuia mwako, au hazikuwa nao kabisa. Mwanga ulisambaa ndani, weusi ukawa kijivu. Pembe za picha zilififia na kuingia giza. Kwa Helios, majani ya nyuma huonekana kama yanazunguka.

Kwenye kompyuta, weusi upandishe kidogo na pembe uzitie giza. Kisha nakili picha kwenye leya ya pili, itie ukungu wa mzunguko, na ufiche ukungu huo pale aliposimama mtu. Wengi huharibu hapa: rangi ya shati huvutwa hadi kwenye majani, bwana harusi akaota kivuli cha ajabu mabegani. Dawa yake ni kumfuta mtu kwenye ile leya ya pili na kujaza majani mahali pake kabla ya kuzungusha. Tena kompyuta haijui mti uko mita 2 au 20 nyuma, hivyo wa karibu upunguzie ukungu.

Sasa hesabu, ambayo mafundi wengi huiruka. Picha moja ikichukua dakika 30, albamu ya picha 40 ni saa 20 za kazi. Msimu wa pamba ukishalipa na harusi zikafuatana, saa hizo huna. Uza picha 3 tu za namna hii kwa kila harusi, kwa bei yake tofauti, na umwambie mteja ni kazi ya kompyuta.

Picha za pasipoti usiziguse. Na faili halisi litunze, maana bibi harusi anaweza kurudi akitaka ile ya kawaida.