Lori likiwa mbele yako: nafasi ya sekunde tatu ni ya nini?

Wasikilizaji wetu wanaopita Barabara ya Bagamoyo wanajua hali ilivyo asubuhi kati ya Tegeta na Kunduchi Mtongani. Malori ya saruji yanatoka kiwandani Wazo Hill, matipa ya mchanga na kokoto yanaingia mjini, na katikati yao zinajipenyeza daladala, bajaji na bodaboda. Foleni ikiachia kidogo, kila mmoja anamganda aliye mbele yake. Kumganda mwenye gari dogo ni kosa. Kuliganda lori ni hatari ya aina nyingine kabisa.

Utasikia madereva wakijitetea: "Lori ni zito, haliwezi kusimama ghafla. Mimi gari langu jepesi, nitasimama kabla yake." Hoja hiyo ina matundu. Tipa lililokwisha kumwaga mzigo halina tena ule uzito. Malori mengi makubwa hutumia breki za upepo, na upepo ukivuja sana breki hujikaza zenyewe, dereva awe amekanyaga au hajakanyaga. Tena lori linaweza kusimamishwa na lori jingine lililo mbele yake. Hapo linasimama papo hapo, nawe uko mita tano nyuma.

Kinachofuata ni kibaya kuliko ajali ya kawaida ya kugongana nyuma. Bodi ya lori iko juu. Gari dogo likiligonga, boneti huingia chini ya bodi, na kishindo chote hupokelewa na kioo cha mbele, usawa wa vichwa vya mliomo ndani. Wa bodaboda hana hata boneti.

Lakini hata lori lisiposimama, bado limekuziba macho. Shimo au tuta linapita katikati ya matairi yake, na mwenye pikipiki analiona likiwa tayari chini ya tairi lake la mbele. Kinachotusumbua zaidi ni vivuko vya waenda kwa miguu. Lori limesimama kuwapisha wanafunzi. Aliye nyuma yake hawaoni wanafunzi, anaona lori tu limesimama, na kwa kuwa amelikaribia mno anachomoka pembeni ili alipite. Anakutana na watoto katikati ya kivuko. Angekuwa nyuma zaidi, angeona barabara pande zote mbili za lori na angejua kwa nini limesimama.

Dereva wa lori naye ana upofu wake. Nyuma ya tela hana kioo kinachomwonyesha kitu. Kama wewe huvioni vioo vyake vya pembeni, yeye hakuoni wewe, na akitaka kurudi nyuma au lori likirudi lenyewe kwenye mlima, hajui kama upo.

Sasa nafasi yenyewe. Kukadiria mita huku unaendesha ni kazi ngumu, kwa hiyo hesabu sekunde. Chagua nguzo ya umeme au kibao kilicho kando ya barabara. Mkia wa lori ukikipita, anza kuhesabu taratibu: elfu moja na moja, elfu moja na mbili, elfu moja na tatu. Ukifika kwenye nguzo kabla hujamaliza, umekaribia mno. Mvua ikinyesha, au usiku, hesabu hadi sita.

Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio kikomo cha sheria kwenye maeneo ya makazi, gari linakwenda kama mita 14 kila sekunde. Sekunde ya kwanza huishia kichwani mwako: umeona taa nyekundu, mguu bado haujafika kwenye breki. Baada ya hapo unahitaji kama mita 14 nyingine kusimama kwenye lami kavu, kama breki ni nzima. Lami ikiwa imelowa, umbali huo wa breki unaweza kufika mara mbili. Sekunde tatu zinakupa mita 42, sawa na makontena marefu matatu na nusu yaliyopangwa moja nyuma ya jingine. Ukifika barabara za nje ya mji na unakwenda 80, sekunde tatu hizo hizo ni mita 66 hivi, na hazitoshi kwa mvua.

"Nikiacha nafasi, daladala inachomekea." Ni kweli, inachomekea. Legeza mafuta kidogo, nafasi irudi. Hata wakichomekea watano hadi ufike Mwenge, umepoteza robo dakika.

Angalia pia kilichobebwa. Kokoto zisizofunikwa turubai hudondoka na kupasua vioo, na mchanga huingia machoni mwa wa bodaboda. Kontena lisilofungwa vizuri ni jambo jingine. Machi 2015, kule Changarawe, Mafinga, kontena liliangukia basi na watu zaidi ya 40 wakafariki. Basi lile lilikuwa likipishana na lori, halikuwa nyuma yake, lakini mzigo unaoyumba hauchagui upande. Ukiuona unayumba, ongeza nafasi na usikae sambamba nao.

Limebaki lori bovu lililoegeshwa usiku bila taa, ambalo wengi wanalikuta barabara za Chalinze na Segera kuliko Kunduchi. Sheria inataka pembetatu ya kuakisi mwanga. Mara nyingi utakachokuta ni matawi ya miti yaliyotupwa kwenye lami. Ukiyaona majani hayo, punguza mwendo hapo hapo, kabla hujaliona lori lenyewe.